Buibui Uliyesema Ni Jike

Bwera,
Wilaya ya Kasese.
19 Agosti 2017

Mpendwa kaka Mumbere,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Feresita, na kwamba baridi ya Ubelgiji haijaanza kuwasumbua. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linauma mvua ikikaribia, lakini shambani anafika bila fimbo.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unacheka, halafu mtandao unakatika pale pale ninapoanza kukulaumu.

Ni habari ya buibui wako. Ulipokuja kumzika baba, miaka minne iliyopita, ulipanda mlimani Bwesumbu ukachimba shimo la tarantula, yale mabuibui makubwa ya manyoya, ukarudi na vitoto viwili vidogo kama punje za mtama. Wadudu ndiyo kazi yako, sawa. Lakini uliniachia mimi, mshona sare za shule, nikulelee. Mmoja nikamweka jikoni karibu na sigiri ya makaa, mwingine kwenye dirisha la chumbani, kila mmoja na kopo lake.

Mwaka juzi nilikupa habari kwamba wa jikoni amejaa kiganja, na wa chumbani bado ni kama kifungo cha koti. Hukuuliza wanakaa wapi wala wanakula nini. Ulijibu kwamba anayekua haraka ni dume, atakufa mapema, na anayekua polepole ni jike, ataishi miaka ishirini. Ukasema tumgawe dume, mama asije akazika tena alichokizoea. Maana alishaanza kuzungumza nao, nyumba ilivyokuwa kimya tangu baba aondoke.

Na unamjua mama. Aliwapa majina kama watoto wa tumbo lake: wa kiume wa kwanza Mumbere, kama wewe, wa kike wa kwanza Masika. Mumbere tukampa Jeanine, yule Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge soko la Mpondwe. Masika akabaki. Mama akamhamishia kando ya kiti chake, anamsomea hata matangazo ya kanisa.

Mwezi wa sita Masika alijivua ngozi, akaacha kula. Miguu imerefuka, vimikono viwili vya karibu na mdomo vimevimba nchani, na anazunguka kopo kutwa anatafuta pa kutokea. Nikakupigia. Ukasema, "Basi ni dume huyo, hamalizi mwaka," kama mtu anayeniambia mvua inanyesha.

Nikakimbilia kwa Jeanine. "Yangu iko muzima," akaniambia, "inakula sana, inachimba shimo yake kila siku." Akanipa ngozi ya mwisho aliyojivua buibui wake, nikakutumia picha, ukajibu kwamba ndani yake unaona mfuko wa uzazi wa jike. Kumbe jibu lilikuwa kwenye ngozi. Kaka, ngozi za huyu wetu zote nilizifagia pamoja na vipande vya vitambaa, na hukuwahi kuniambia niweke hata moja.

Wa jikoni alikua haraka kwa sababu alikuwa na joto na mende wa kila siku. Wa chumbani nilimlisha Jumapili nikitoka kanisani, nikikumbuka. Hata Masereka mdogo wetu, anayefuga kuku kule Hima, angekuambia. Broila wake wanajaa kwa wiki sita na hakuna anayesema wote ni majogoo. Wewe mwenye shahada umeshindwa na hilo.

Kazi ya kumwambia mama uliniachia mimi pia. Siku tisa nilishindwa. Nilipomwambia, hakulia, na hilo liliniumiza zaidi. Alinyanyua kopo akamwangalia.

"Kumbe Mumbere ndiye niliyekuwa naye," akasema. "Basi huyu nitamzika mwenyewe, namwona. Yule wa Ulaya sijui nani atazika nani, na kama tutaonana kwanza."

Nilipendekeza tubadilishane na Jeanine, mama arudishiwe jike la kuishi miaka mingi. Jeanine alikubali. Mama alikataa. Amesema Mumbere hatolewi nyumbani mara ya pili.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za nani anakua haraka. Niandikie tarehe ya ndege. Nimechoka kuwa mimi ninayeona uso wa mama simu ikilia, kumbe anayepiga si wewe.

Masereka anakusalimu, na Jeanine pia, anauliza jike lake analilishaje mvua zikianza. Mama peke yake hakutuma salamu. Amesema zake anaziweka, atakupa mkononi.

Mungu akulinde huko na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Medius Ithungu