Mwendo Alioupunguza Baba

Nyakato, Musoma

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimeachia? Mama mdogo aliniambia ulikohoa mpaka ukashindwa kukamua ng'ombe, nikakosa raha. Mimi mwili mzima, shule naenda, ila vidole vya kushoto vimeota sugu kwa nyuzi za gitaa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani mnasikilizaga wote, na haya siwezi kuyasema huku nasikia Baba anapumua pembeni. Mdomo wangu unaujua ulivyo mzito.

Unakumbuka likizo iliyopita nilimrekodi Baba akipiga zeze lake la litungu, ule wimbo wake wa polepole. Mwalimu Deo anayenifundisha gitaa aliusikia akasema tuuhamishie kwenye gitaa, niupige Bunda, kwenye ukumbi wa parokia, siku wanafunzi wake wote wanapopiga mbele ya watu. Litungu lina nyuzi nane, gitaa sita, kwa hiyo nikalegeza ule uzi mnene nipate sauti ya chini. Nota zilinichukua wiki tatu. Juu ya karatasi lazima uandike ufunguo, mwendo na hali ya wimbo. Mwalimu akajaza mwenyewe: La ndogo, mapigo sitini kwa dakika, "kwa huzuni na upole". Halafu akazungushia kalamu nyekundu mahali Baba anapojikwaa, mstari wa tatu. Akasema mzee kakosea hapa, hili pigo la ziada tuliondoe.

Nilijua karibu yote aliyoandika ni uongo.

Mama, siku walipomuua Mwita mimi sikuwa kwa Bibi kama mnavyoamini. Nilikuwa na miaka minane, nimejificha nyuma ya ghala la mtama. Niliwaona vijana wanamleta amefungwa kamba ya ng'ombe, wanasema ndama waliyemkuta naye ni wa wizi. Mkubwa wa msako wa wezi akamwambia Baba, "Piga ule wa kurudisha mifugo. Piga kwa nguvu, wanawake wasisikie."

Na Baba akapiga.

Haukuwa wimbo wa huzuni. Ulikuwa unakimbia. Nyuzi zilikazwa mpaka zinalia, njuga za mguuni kwake zinapiga ardhi, na fimbo zikaanza kuzifuata njuga. Njuga, rungu, njuga, rungu, mpaka sikuweza kutenganisha mti na mfupa. Damu iliruka ikafika kwenye ngozi ya litungu. Wanaosema Mwita alilia tu hawakuwa karibu kama mimi. Alikuwa anasema maneno. Alisema, "Ndama ni wa mahari ya Ghati. Muulizeni Ghati." Alisema mara tatu. Ya tatu, mkono wa Baba ukajikwaa, ukatoa pigo moja lisilokuwemo. Halafu akaendelea. Akaendelea mpaka wenye fimbo walipochoka.

Tangu hapo analegeza nyuzi na anaupiga wimbo huohuo polepole. Wewe unasemaga ni uzee. Lakini kule kujikwaa hajaacha hata siku moja, Mama. Msikilize.

Sikumwambia mwalimu. Nilimrudishia karatasi na lile pigo limo, akalifuta, nikaliandika tena. Akaniuliza kwa Kiingereza nina tatizo gani. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Siku ya Bunda nilikuwa nimepanga kupiga sitini, naapa. Nilipokaa kwenye kiti yule mvulana aliyenitangulia akaninong'oneza, "Dada, usije ukatulaza." Sijui ni yeye au ni nini. Nikakaza uzi, nikaanza kwa mia na arobaini. Penye njuga nilipiga mbao ya gitaa kwa kiganja. Ukucha wa kidole gumba ukapasuka mpaka nyama na sikuacha. Mwalimu Deo alisimama mlangoni kashika kichwa. Nilipofika mstari wa tatu nikajikwaa kwa makusudi, kama Baba. Nilipomaliza, ukumbi ukapiga makofi.

Nilikwenda nje bombani kuosha damu. Mama mmoja wa kitenge cha kijani akanifuata, akaniuliza kwa Kizanaki mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja Baba. Akashika ukuta.

"Mimi ndiye Ghati," akasema. "Kaka alitangulia na ndama, mimi nikawa nyuma. Huu wimbo niliusikia nikiwa njiani. Nilidhani ni sherehe. Nikaongeza mwendo, niwahi kucheza."

Kisha akaniuliza kaka yake alisema nini, maana wote walimwambia hakujitetea hata neno, na asiyejitetea ni mwizi.

Mama, ulitukataza kumtaja Mwita. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba alimwita yeye, mara tatu.

Aliketi kwenye saruji yenye maji. Hakulia. Akasema miaka tisa wakwe zake wanamwita dada wa mwizi, hata watoto wake wanaitwa hivyo. Akaniuliza kama Baba bado yupo Butiama. Nikasema yupo. Akasema, "Jumapili baada ya misa nitafika. Sitakuja peke yangu." Sikuuliza atakuja na nani, kama ni wazee au ni vijana wenye mapanga. Niliogopa kujibiwa.

Ndiyo maana nimempa barua hii kijana wa bodaboda wa jirani, ikufikie mapema. Nakuomba usimwambie Baba akimbilie kwa shangazi. Akikimbia, fimbo ndizo zitakazojibu, kama zilivyomjibu Mwita. Jumamosi nitapanda gari. Nitakaa naye uani, upande wake wa kulia. Wakimuuliza akanyamaza, nitasema mimi, na nitaanza na nililoshuhudia kwa macho yangu: kwamba Baba alimsikia Mwita.

Nisalimie Bibi, umwombe radhi kwamba siku ile nilitoroka kwake. Nisalimie kaka na mkewe, na yule mdogo wetu wa mwisho, umpeleke kwa mama yake wa ubatizo Jumapili asubuhi, asiwepo wakifika. Baba sina salamu za kumtumia. Mwambie tu nakuja.

Binti yako,
Nyangi