Maneno Nilifuta ku Gare

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo sana huko Dodoma. Hapa Musonoi tuko bazima. Tata yako mukubwa amerudi kutoka Dilolo, na mama yako anauzisha tena mikate ku soko ya Manika.

Unaniuliza kama ufute yote uliandika mu groupe ya telefone, sababu benzako ba chuo banachekaka vile unachanganya Kiswahili, français na Tshiluba. Soma hii vizuri, nimekasirika.

Wakati batu ba Kasai balifukuzwa huku, balilala miezi ku gare bakingoja train. Baliandika ku ukuta na makala ya moto, ili bandugu benye batakuja nyuma bajue bo bameenda wapi. Kiswahili, français, na Tshiluba, luga ya Kasai, yote mu mustari moja, kama wewe. Bijana benye fimbo, bale balikuwa banabafukuza, bakanipa maji na kitambaa: «We unajua kusoma. Futa kila mustari iko na Tshiluba.» Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliogopa, nikafuta.

Kesho yake mama mumoja akafika, anatafuta majina ya batoto yake. Alipapasa ule ukuta mupaka mwisho, akaniuliza: «Mwanangu, hapa hapakuandikwa kitu?»

Nikamujibu: «Hapana, mama.»

Benzako bacheke mupaka bachoke! Kiswahili yao ujifunze, ni muzuri. Lakini usifute hata neno moja. Mu hii familia, mi nilishafuta ya siye bote.

Kambo yako,
Astrida