Jina la Mama kwa Penseli

Neema, mjukuu wangu,

Jambo sana kutoka Malvern, hapa Johannesburg. Sisi wazima, aksanti Mungu. Mama yako bado anasuka nywele hapa Jules Street. Mdogo wako nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kizulu, basi tunacheka.

Unaniuliza kutoka chuoni huko Ufaransa: yule mwandishi uliyempenda, sasa umejua aliwachukia Wayahudi, je, vitabu vyake uvitupe?

Mimi pia nilimpenda. Nikiwa msichana Bukavu, Kifaransa changu kizuri nilikipata kwake. Siku moja nilisoma darasani ukurasa alimowafananisha Wayahudi na panya. Sentensi ilipangwa vizuri hata nikacheka, na darasa zima likacheka nami. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa penseli akasema, "Juu ya neno Wayahudi andika jina la mama yako, halafu soma tena."

Niliandika Mapendo. Sikufika mwisho wa sentensi.

Miaka mingi baadaye, hapa Johannesburg, watu walituita makwerekwere, neno lao la kutudharau wageni, na waliosimama kando wakacheka. Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa changu.

Ninamshukuru mwalimu yule mpaka leo, maana hakuninyang'anya kitabu. Na wewe usivitupe, mama. Soma, ila penseli iwe mkononi.

Kitabu kile ninacho bado. Karatasi zimegeuka manjano, lakini jina la mama yangu liko palepale. Sijalifuta.

Ni mimi, koko wako