Meza Kuu ya Bertha

Kulwa, upo? Nimejificha nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Ipogolo.

Si leo tunazindua kitabu cha Bertha, kile cha haki za watu wenye ulemavu? Mimi ndiye niliyepamba meza kuu. Nikaiweka jukwaani. Jukwaani, Kulwa! Ngazi tano, na Bertha yuko kwenye kiti cha magurudumu!

Wazee wa kanisa wakataka kumbeba. Akasema, "Mimi si gunia la viazi." Gunia la viazi!

Akasomea pale pale chini. Wageni wa meza kuu wakashuka mmoja mmoja, hata mchungaji. Meza yangu ikabaki na maua tu.

Vitabu vimeisha vyote. Kwenye nakala yangu kaandika: "Juliana, karibu na wewe huku chini."