Mashine ya Mbao na Mkono wa Bi Somoe

Jumatano, alasiri. Rahaleo, Mtwara.

Mvua imekatika tangu asubuhi na joto limerudi na nguvu zake zote. Nimeosha tope miguuni, nimekaa kibarazani, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nimekula nikashiba. Shajara yangu, leo nimeumbuka mbele ya watu, na bado moyo wangu ni mweupe kabisa. Ngoja nieleze.

Kwa miezi mitatu sasa kazi yangu kiwandani ni kuwaandaa akina mama wanane wanaobangua korosho kwa mkono, ili mashine zikifika wawe wanazijua. Atakayeiweza mashine atabaki kazini. Asiyeiweza atarudi kijijini kwake akalime mihogo. Ndugu Elia, mkuu wa mafunzo, alinipa kazi hii kwa sababu nimemaliza kidato cha nne, nami nikavimba kichwa kwelikweli.

Mashine zenyewe zilikuwa hazijafika. Ulikuja mchoro tu. Nikaupeleka kwa seremala, nikasimama naye siku mbili nikimwonyesha hiki kikae hapa, kile pale, akatuundia mashine ya mbao ya kujifunzia. Mkono wa kulia unavuta mpini wa kukatia ganda, mkono wa kushoto unaokota korosho kwenye sinia. Akina mama walivuta na kuokota kila asubuhi, mpaka wakaacha kuicheka ile mbao.

Wote isipokuwa Bi Somoe.

Bi Somoe ndiye mkongwe wao. Vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda tangu mimi sijazaliwa, na kwa kubangua hakuna anayemfikia. Mashine hakuikataa. Alichokataa ni kuokota kwa kushoto. Kila mara alipitisha mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto, mikono ikagongana, kazi ikachelewa. Nilipomuuliza, alinijibu taratibu kwamba korosho ni chakula cha mtu, na chakula hakishikwi kwa mkono ule. Nikamwambia mashine haina habari na kulia wala kushoto, na kama tunataka nchi iende mbele, mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani.

Niliyasema hayo mbele ya wenzake. Mimi, ambaye kwetu Njombe nilichapwa kwa kumpa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa nikaandika ripoti. Mbele ya jina lake niliweka neno moja: hafundishiki. Tangu hapo chakula kilikuwa hakipiti.

Jana lori lilileta mashine ya kwanza kutoka bandarini. Leo asubuhi ilikuwa tayari imefungwa, Ndugu Elia akasimama na ripoti yangu mkononi, akina mama wakaanza kukaa mmoja mmoja. Wa kwanza alinyoosha mkono wa kulia kutafuta mpini, akashika hewa. Mpini ulikuwa kushoto, sinia liko upande wa pili. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akatokwa na machozi. Walijaribu saba, wakashindwa saba, na kila aliyeinuka alinitazama mimi.

Kisha akakaa Bi Somoe. Kushoto akavuta, kulia akaokota, kama yuko jikoni kwake anachambua mchele. Sinia likaanza kujaa.

Nikauchukua mchoro. Pembeni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, paliandikwa kwamba mashine imechorwa ikitazamwa kwa nyuma, yaani kulia kwa karatasi ni kushoto kwa aliyekaa. Maneno hayo niliyaona tangu siku ya kwanza. Nilidhani hayana kazi.

Nikasema palepale, wote wakisikia, kwamba kosa ni langu, seremala alifuata maneno yangu, na niliyoandika juu ya Bi Somoe si kweli. Nilitegemea Ndugu Elia afoke. Akakuna kidevu tu, akauliza wale saba watahitaji muda gani. Kabla sijafungua mdomo, Bi Somoe akajibu.

"Mpaka adhuhuri. Mikono yao inajua, mlikuwa mnaikataza tu."

Na kweli. Alisimama nyuma ya kila mmoja, akigonga bega la kushoto kwa kuvuta, la kulia kwa kuokota. Kilichotutoa jasho miezi mitatu kikaingia asubuhi moja, kwa sababu safari hii mkono ulifanya ulichozoea. Adhuhuri wote wanane walikuwa wamebaki kazini. Ndugu Elia akanirudishia ripoti, akasema anataka nyingine kesho.

Wakati wa kutoka, Bi Somoe alinisubiri getini. Kusoma hajui bado.

"Mwalimu, kwenye karatasi ile uliniandikaje?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia neno lenyewe. Akakaza kanga yake kiunoni.

"Basi andika nyingine. Na hiyo nsomee kabla hujampa mtu."

Nimeiandika sasa hivi. Mstari wake umenichukua muda kuliko mistari mingine yote: huyu anaweza kufundisha. Kesho asubuhi nitamsomea. Halafu nitaomba kukaa kwenye kile kiti, maana katika sisi tisa, mwalimu na wanafunzi wake, mwalimu peke yake ndiye ambaye bado hajaijaribu mashine. Bi Somoe ameshasema atasimama nyuma yangu.