Mlango wa 504

Nyakabiga, 10 Juni 1996

Shemeji Haitham,

Tarehe 7 Februari tulimpoteza kaka yangu Uthmani pamoja na gari lake, 504 nyeupe. Habari uliileta wewe: alishambuliwa njia ya Bugarama, gari likaungua naye akiwa ndani, hakikubaki kitu cha kuzika. Tukamswalia bila mwili.

Huku tuko salama kiasi. Mvua imekatika, rangi inakauka upesi. Kila wiki naziba matundu ya risasi kwenye magari mawili, matatu. Dada yako Ghanima anatoka eda Ijumaa hii, na kuna mutu anasubiri kumposa.

Wiki iliyopita bwana mmoja wa Kiriri aliniletea 504 ya bluu, mlango wa nyuma umebonyea. Nilipokwangua rangi nikakuta nyeupe, chini yake mastiki ya kuzibia mibonyeo, na chini ya mastiki bati la kopo la maziwa nililoliunga mwenyewe kwenye gari la Uthmani. Mastiki ikipata moto inapasuka na kudondoka. Hii ilikuwa nzima. Gari lile halijaungua hata siku moja.

Nikamuuliza kalinunua wapi.

"Kwa Haitham, yule aliyehamia Uvira. Bei ya bure, we!"

Nilinyoosha mlango, nikapaka rangi, akaenda zake.

Gari sikudai. Uthmani alikuwa ndani, ao apana? Yuko hai, ao apana? Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Bujumbura Alhamisi asubuhi. Mpe jibu, kabla dada yako hajavua nguo za eda.

Majid, tolie, mnyoosha bati za magari