Njoo Unisimamie, Baba

Bariadi,
3 Februari 2025

Baba yangu Mayige,

Mwangaluka, baba. Hamjambo huko Ipililo? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Ninayetamka ni mimi. Anayeandika ni Precious, rafiki yangu wa bwenini.

Baba, sikuwa mvivu! Mtaalamu alikuja shuleni akanipima, akasema nina disleksia. Akili ninayo, ila kusoma kunanisumbua tangu kuzaliwa. Miaka yote nimechapwa bure! Kwenye mtihani wa kidato cha nne naweza kusomewa maswali na kuongezewa muda, mradi mzazi aje mwenyewe akubali niandikishwe kama mwenye mahitaji maalumu. Mwisho ni tarehe ishirini na nane. Njoo, baba.

Binti yako,
Lukresia

Ipililo,
10 Februari 2025

Mwanangu Lukresia,

Sisi wazima, tuko kwenye palizi ya pamba. Mama yako anakusalimu.

Barua yako imenikera. Katika ukoo wetu hakuna kilema. Nani ataleta ng'ombe kwa binti aliyeandikwa mlemavu? Wewe ni mzito wa kichwa na mvivu, basi. Au marehemu bibi yako anadai pombe yake ya tambiko. Likizo tutakwenda kwa mganga Bujiku atuangalizie. Siji.

Baba yako,
Mayige

Bariadi,
15 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya palizi.

Nimekasirika, na nimemwambia Precious asipunguze hata neno. Mimi nafeli, wewe unahesabu mahari! Na bibi wa watu amekosa nini hata asingiziwe? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usipokuja, shangazi Esteria atasimama kama mzazi wangu. Ameshakubali.

Binti yako mwenye uchungu,
Lukresia

Ipililo,
27 Februari 2025

Mwanangu,

U mzima? Sisi tupo.

Yaani siku hizi Esteria ndiye baba yako? Jana nilikuja Bariadi kuwaonyesha mwenye mtoto ni nani. Hukuniona, mlikuwa darasani. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mzee, usijisumbue. Huyu binti ni mzito na mvivu tu."

Lukresia, nilipandwa na hasira! Kukuita mzito ni haki yangu mimi niliyekuzaa. Yeye kapewa na nani? Nikasema kwa sauti, walimu wakachungulia madirishani: "Mwanangu ana disleksia!" Nililitamka vibaya, lakini walinielewa. Sikuondoka mpaka walipokuandikisha. Maswali utasomewa, na muda utaongezewa.

Mama yako ananiambia nitulie. Nitulieje? Mtu amemtukana mwanangu mbele yangu.

Baba yako,
Mayige